Hatari Iliyofichika Chini ya Theluji

Kila mwaka, tangu mwezi wa Desemba hadi Aprili, wakazi wa nchi zinazopakana na milima ya Alps huko Ulaya hupewa taarifa ambayo haijulikani kabisa katika nchi za joto. Taarifa hiyo hutolewa pamoja na utabiri wa hali ya hewa, na kiini chake ni tarakimu moja kati ya 1 na 5. Tarakimu hiyo huamua kama barabara ya bondeni itafunguliwa au itafungwa, kama watoto wataruhusiwa kwenda shule, na kama mtu aliyeazimia kupanda mlima atafunga safari au atabaki nyumbani. Ni taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji. Licha ya taarifa hiyo, na licha ya elimu yote iliyokusanywa kwa muda wa miaka mingi, watu wapatao 100 kwa wastani hupoteza maisha kila mwaka katika milima hiyo kwa sababu ya maporomoko hayo.

Kwa mwananchi wa Afrika Mashariki na Kati, theluji ni kitu cha kutazamwa kwa mbali. Huonekana juu ya vilele vya Kilimanjaro na Mlima Kenya, na mawingu yakifunguka huonekana pia juu ya Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Imekaa juu, nyeupe na tulivu, nayo haijapata kumfuata mtu yeyote nyumbani kwake. Katika milima ya Alps mambo ni tofauti. Huko theluji huangukia mashamba, paa za nyumba, barabara na reli. Vijiji vingi vimejengwa katika mabonde membamba, na juu ya vijiji hivyo kuna miteremko mikali ambayo wakati wa baridi hubeba maelfu ya tani za theluji. Swali linalowakabili wakazi wa huko si kama theluji itashuka, kwani ni lazima ishuke. Swali ni lini itashuka, wapi, na kwa namna gani: itayeyuka taratibu na kuwa maji ya mto, au itaporomoka yote kwa pamoja katika muda wa dakika moja?

Ili kulielewa jambo hili, yafaa kufahamu kwanza kwamba theluji iliyolala mlimani si kitu kimoja. Mtu akichimba shimo katika theluji hiyo mpaka chini ardhini, ataona ukutani mwa shimo matabaka yaliyopangana, kama kurasa za kitabu. Kila tabaka ni kumbukumbu ya siku fulani. Moja liliangushwa na dhoruba, jingine likapigwa na upepo likawa gumu, jingine likayeyushwa juu na jua la mchana kisha likaganda usiku na kuwa kama kioo. Theluji mpya isiyoguswa na upepo ni nyepesi mno. Meta moja ya ujazo huweza kuwa na uzito wa kilo 100 au hata chini ya hapo. Ikishindiliwa na upepo, au ikikandamizwa na theluji nyingine juu yake, uzito huo huongezeka mara mbili, mara tatu, au zaidi. Kwa hiyo si ajabu kukuta tabaka zito na gumu limelala juu ya tabaka jepesi na dhaifu. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Tabaka dhaifu huzaliwa kwa njia mbalimbali, na mojawapo inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa huwadanganya watu wengi. Theluji ni blanketi. Ardhi iliyofunikwa nayo hubaki na joto lililo karibu na sifuri ya sentigredi, hata kama hewa ya juu imeshuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Theluji ikiwa nyingi, tofauti hiyo ya joto husambaa katika unene mkubwa na haina madhara makubwa. Lakini theluji ikiwa haba, kama ilivyo mara nyingi mwanzoni mwa majira ya baridi, tofauti hiyo hiyo hubanwa ndani ya unene wa sentimeta chache. Mvuke hupanda kwa nguvu kutoka chini na kuganda juu ya chembe za theluji. Chembe hizo hupoteza umbo lake la awali na kukua zikawa na pembe na kingo, mfano wa sukari ya chengachenga. Kama ilivyo sukari, hazishikamani. Mtu akiziteka kiganjani, humwagika kati ya vidole.

Kwa sababu hiyo, majira yenye theluji kidogo si lazima yawe majira ya salama. Mara nyingi theluji haba ya mwezi wa Novemba hugeuka kuwa msingi mbovu, na dhoruba za Januari hujenga nyumba nzito juu ya msingi huo. Tabaka dhaifu laweza pia kuzaliwa usiku wa mbingu safi, pale ambapo jalidi huota juu ya theluji kama manyoya madogo ya kioo. Yakimulikwa na jua hupendeza sana. Yakizikwa chini ya theluji mpya, huwa ni mtego unaoweza kudumu kwa majuma kadhaa.

Juu ya tabaka dhaifu hukaa bamba, yaani theluji iliyoshikamana kiasi cha kuwa kitu kimoja kipana. Mjenzi mkubwa wa mabamba hayo ni upepo. Upepo huikomba theluji upande mmoja wa mgongo wa mlima na kuirundika upande wa pili, ule uliokingwa. Inaweza kutokea kwamba mbingu ni safi, hakuna theluji inayoanguka, na hata hivyo mteremko mmoja unazidi kuelemewa saa hadi saa kwa kazi ya upepo peke yake.

Bamba likiwa tayari, na chini yake tabaka dhaifu likiwa tayari, hubaki mambo mawili. La kwanza ni mwinamo wa mlima. Maporomoko mengi ya mabamba hutokea katika miteremko yenye mwinamo wa kati ya nyuzi 30 na 45. Penye mwinamo mdogo kuliko huo, theluji hutulia kwa kawaida. Penye mwinamo mkali zaidi, humwagika kidogo kidogo kabla haijarundikana. La pili ni kichocheo. Huweza kuwa dhoruba inayoongeza uzito, mvua, au joto la ghafla. Huweza pia kuwa mtu mmoja aliyevaa mbao za kutelezea miguuni. Uzito wake ukilifikia tabaka dhaifu, tabaka hilo huvunjika mahali pamoja, na ufa hukimbia chini ya bamba kila upande kwa kasi kuliko mtu yeyote awezavyo kukimbia. Mara nyingine husikika mlio mzito kutoka ndani ya theluji, kama wa kitu kilichotua chini kwa kishindo. Wajuzi wa milima wakiusikia mlio huo hugeuka na kurudi.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Bamba lenye upana wa meta 50, urefu wa meta 80 na unene wa nusu meta si bamba kubwa. Hata hivyo, ikiwa kila meta ya ujazo ina uzito wa kilo 200, basi bamba hilo zima lina uzito wa tani 400. Ni mzigo wa malori mengi, unaoshuka kwa kasi ya gari katika barabara kuu. Maporomoko makubwa ya theluji kavu, yale yanayoinua wingu la unga mweupe, huweza kufikia kasi ya kilometa 300 kwa saa, na hewa inayosukumwa mbele yake ina nguvu ya kuvunja misitu na kuta za nyumba.

Historia ya Alps imejaa misiba ya namna hiyo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1950 na 1951, watu 98 walikufa nchini Uswisi, na nchini Austria idadi ilizidi 100. Mwezi wa Januari mwaka 1954, kijiji kidogo cha Blons katika jimbo la Vorarlberg, Austria, kilipoteza watu 57. Misiba hiyo iliwafanya viongozi na wataalamu kukubali kwamba sala na mazoea ya wazee peke yake havitoshi. Tayari huko Uswisi kilikuwapo chuo cha uchunguzi wa theluji na maporomoko, kilichoanzishwa mwaka 1942 katika mji wa Davos na kujengewa kituo chake juu ya mlima, mahali paitwapo Weissfluhjoch. Taarifa za kwanza za hatari zilianza kutolewa na chuo hicho kwa raia wa Uswisi mwaka 1945. Baada ya misiba ya 1951, fedha nyingi zilitumika kujenga vizuizi vya chuma kwenye miteremko ya juu ili kuizuia theluji isianze safari yake. Leo vizuizi hivyo, vikipangwa mstari mmoja, vingefikia urefu wa kilometa 500 hivi katika nchi ya Uswisi peke yake.

Misitu nayo ilitambuliwa kuwa ni ngao. Hilo halikuwa jambo jipya. Wakazi wa bonde la Andermatt walipiga marufuku ukataji wa miti katika msitu ulio juu ya kijiji chao tangu mwaka 1397, kwa kuwa walikwisha kuona kwamba miti iliyosimama hulishika tabaka la theluji na kulizuia lisijitenge. Sheria hiyo ya wanakijiji ina umri wa zaidi ya miaka 600.

Kazi hiyo yote ilipimwa katika majira ya baridi ya mwaka 1999. Kuanzia mwisho wa Januari, dhoruba tatu zilifuatana kutoka kaskazini-magharibi, na katika sehemu nyingi za Alps theluji iliyoanguka katika muda wa majuma manne hivi ilizidi meta 4. Tarehe 9 Februari, poromoko kubwa lilikipiga kitongoji cha Montroc katika bonde la Chamonix, Ufaransa, likaua watu 12. Tarehe 21 Februari, watu 12 wengine walikufa huko Evolène, Uswisi. Siku mbili baadaye ikaja zamu ya Galtür.

Galtür ni kijiji cha jimbo la Tirol, Austria, kilichopo mwisho wa bonde la Paznaun, karibu meta 1,600 kutoka usawa wa bahari. Wakazi wake ni mamia machache tu, lakini katika mwezi huo kilikuwa kimejaa watalii. Barabara pekee ya bondeni ilikuwa imefungwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya hatari ya maporomoko. Watu hawakuweza kutoka, na vyakula vililetwa kwa helikopta pale hali ya hewa iliporuhusu. Ramani rasmi ya hatari ilikuwepo. Maeneo yaliyotiwa rangi nyekundu hayakuruhusiwa kujengwa, yale ya rangi ya manjano yalijengwa kwa masharti, na sehemu iliyobaki ilihesabiwa kuwa salama. Mtu aliyekuwa katikati ya kijiji hakuwa na sababu ya kujiona yumo hatarini.

Tarehe 23 Februari, saa kumi hivi za jioni, theluji ya mlima ulio upande wa kaskazini iliachia. Katika muda usiozidi dakika moja ilishuka, ikavuka mpaka wa eneo la manjano, ikaingia ndani ya kijiji katika sehemu iliyohesabiwa kuwa salama. Watu 31 walikufa, wengi wao wakiwa watalii. Kwa sababu ya dhoruba na giza, helikopta za uokoaji hazikuweza kufika mpaka asubuhi ya siku ya pili. Usiku huo wote wanakijiji na wageni wao walichimba wenyewe, kwa masepetu na kwa mikono. Tarehe 24 Februari poromoko jingine likaua watu 7 huko Valzur, katika bonde hilo hilo. Hali ya hewa ilipotengemaa, helikopta za Austria na za nchi rafiki, zikiwamo Marekani, Ujerumani, Uswisi na Ufaransa, ziliwahamisha zaidi ya watu 10,000 kutoka bondeni humo katika siku chache.

Msiba wa Galtür ulizusha swali zito. Iwapo wataalamu walikuwepo, ramani ilikuwepo, na tahadhari ya kiwango cha juu ilikwisha kutolewa, kosa lilikuwa wapi? Jibu ni kwamba ramani hiyo ilichorwa kwa kutazama maporomoko yaliyokwisha kutokea na kukumbukwa. Mlima ulifanya jambo ambalo halikuwamo katika kumbukumbu. Dhoruba tatu zilirundika theluji bila ya mzigo huo kushuka kwa mafungu, na ulipoachia uliachia wote kwa pamoja, huku ukikomba theluji nyingine njiani. Wataalamu walikuwa wamejua kuwa hatari ni kubwa. Hawakujua kwamba ingeweza kufika mbali kiasi kile.

Serikali ya Austria ilichukua hatua. Vipimo vya ramani vilibadilishwa, hata sehemu nyingi zaidi zikaingia katika rangi nyekundu: kiwango cha msukumo wa theluji kinacholifanya eneo liwe jekundu kilishushwa hadi chini ya nusu ya kile cha awali. Vizuizi vya chuma vilijengwa juu ya mlima wa Galtür, na pembeni mwa kijiji ukajengwa ukuta mkubwa wa kinga wenye urefu wa meta 345. Ndani ya sehemu ya ukuta huo mna jumba la makumbusho, ili vizazi vijavyo visisahau. Jeshi la nchi hiyo nalo likanunua helikopta zenye uwezo mkubwa zaidi. Huko Ufaransa, suala la Montroc lilifikishwa mahakamani, na mwaka 2003 meya wa Chamonix alitiwa hatiani kwa kutowahamisha watu kabla ya maafa. Alipewa kifungo cha miezi 3 kilichoahirishwa. Hukumu hiyo ilitoa fundisho kwa viongozi wote wa mabonde: anayekabidhiwa mamlaka ya kuhamisha watu amekabidhiwa pia lawama ya kutowahamisha.

Hata hivyo, haifai kusahau upande wa pili wa mizani. Nchini Uswisi, theluji ya 1999 ililingana na ile ya 1951, na watu waliokuwa wakiishi na kutembea katika mabonde walikuwa wengi mno kuliko wakati ule. Waliokufa katika nyumba na barabarani walikuwa 17, ikilinganishwa na 98 wa mwaka 1951. Vizuizi, misitu, ramani na taarifa za kila siku viliokoa watu ambao hakuna awezaye kuwataja kwa majina, kwa kuwa walibaki hai na kuendelea na shughuli zao.

Leo, kwa kawaida, wanaokufa si wanakijiji walio majumbani. Wengi wao ni watu wanaotoka kwa hiari yao kwenda katika milima isiyolindwa, mbali na njia zilizosafishwa na kukaguliwa, ili kuteleza juu ya theluji ambayo haijakanyagwa na mtu. Katika ajali hizo, mara tisa kati ya kumi au zaidi, poromoko huanzishwa na mhanga mwenyewe au na mwenzake wa msafara. Jambo hili linasikitisha, lakini linatia matumaini pia. Maafa yanayoanzishwa na mtu yanaweza kuzuiwa na mtu.

Hapa ndipo tarakimu ile ya taarifa inapokuwa na maana. Mwaka 1993, nchi za Ulaya zilikubaliana kutumia vipimo vya aina moja vyenye daraja tano. Daraja la 1 ni hatari ndogo, la 2 ni hatari ya wastani, la 3 ni hatari inayostahili kuzingatiwa sana, la 4 ni hatari kubwa, na la 5 ni hatari kubwa mno. Mtu angedhani kwamba vifo vingi hutokea katika daraja la 4 na la 5. Sivyo. Nchini Uswisi karibu nusu ya vifo hutokea katika daraja la 3. Hatari ikiwa kubwa kabisa, dalili zake ni wazi, milima inanguruma, na watu hubaki nyumbani. Ikiwa katika daraja la 3, jua huwa linawaka, theluji inapendeza, na mtu huona kwamba tatu ni katikati ya moja na tano, kwa hiyo mambo si mabaya. Hajui kwamba vipimo hivyo havipandi kama ngazi yenye vipandio vilivyo sawa. Kutoka daraja moja hadi la pili, hatari huongezeka mara kadhaa.

Tena kuna udhaifu wa kibinadamu. Mtu aliyesafiri mbali na kulipa fedha nyingi hapendi kurudi mikono mitupu. Akiona nyayo za wenzake mbele yake huamini kuwa njia ni salama, ilhali theluji haijui kuhesabu waliopita. Bamba laweza kuwavumilia watu watano na kuvunjika chini ya wa sita, aliyekanyaga mahali ambapo ni jembamba zaidi. Mzoefu naye yumo hatarini kwa njia yake. Aliyevuka mteremko mmoja mara ishirini bila ya kudhurika huona kwamba amefundishwa usalama, kumbe pengine alikuwa na bahati mara ishirini.

Mtu akizikwa, muda ndio kila kitu. Theluji inaposimama hugandamana mara moja ikawa ngumu kama saruji, na aliyezikwa hawezi kusogeza hata kidole. Anaofukuliwa katika dakika 10 za mwanzo, karibu tisa katika kila kumi hupona. Baada ya nusu saa, wanaopona ni kama watatu tu katika kumi, kwa kuwa aliyezikwa huishiwa na hewa. Helikopta na mbwa wa uokoaji, hata wakiwa hodari namna gani, mara nyingi hawawezi kufika katika dakika hizo. Wanaoweza kuokoa ni wenzake waliosimama pembeni. Ndiyo maana kila mmoja wa msafara hutakiwa kubeba vitu vitatu: kifaa kidogo cha redio kinachotoa na kupokea mawimbi, ufito mrefu wa kukunjwa wa kutafutia ndani ya theluji, na sepetu. Vifaa hivyo vya redio, vya kampuni zote na nchi zote, hutumia masafa ya aina moja ya kilohezi 457, ili Mfaransa aweze kumtafuta Mwaustria na Mwitaliano aweze kumtafuta Mswisi.

Ushirikiano huo wa majirani umezidi kukua. Mlima mmoja huweza kuwa na upande wa Austria na upande wa Italia, lakini theluji haina pasipoti. Tangu Desemba mwaka 2018, jimbo la Tirol la Austria pamoja na majimbo mawili ya Italia, Tirol ya Kusini na Trentino, yamekuwa yakitoa taarifa moja ya hatari katika lugha ya Kijerumani, Kiitaliano na Kiingereza. Uswisi hutoa yake kwa lugha nne, ikitegemea mamia ya watazamaji na vituo vinavyojiendesha vilivyotapakaa milimani. Haya yanafanyika katika nchi ambazo, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wake walipigana katika milima hiyo hiyo, na maelfu miongoni mwao wakauawa na theluji, si na risasi.

Kuongezeka kwa joto la dunia kunaibadili theluji ya Alps. Katika sehemu za chini majira ya theluji yamefupika, na maporomoko ya theluji iliyolowa maji, yaliyokuwa yakitarajiwa wakati wa masika, sasa huonekana hata katikati ya majira ya baridi. Kumbukumbu za wazee, zilizokuwa msingi wa ramani za zamani, zinazidi kupungua thamani kwa kuwa mlima wenyewe unabadilika.

Mambo haya yaweza kuonekana ya mbali kwa nchi zisizo na theluji vijijini mwake. Lakini katika wilaya ya Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon nchini Uganda, tarehe 1 Machi mwaka 2010 udongo ulioshiba mvua uliteremka na kukizika kijiji cha Nametsi. Mwezi wa Mei mwaka 2023, zaidi ya watu 130 walikufa kwa mafuriko na maporomoko ya ardhi nchini Rwanda, na siku chache baada ya hapo zaidi ya 400 walikufa huko Kalehe, mashariki ya Kongo. Udongo si theluji, lakini kanuni ni ndugu: mteremko mkali, mzigo ulioongezwa kwa siku nyingi, tabaka la chini lisiloshika, na nyumba zilizojengwa njiani mwa kile kitakachoshuka. Hata dawa zinafanana. Miti iliyohifadhiwa na watu wa Andermatt mwaka 1397 hufanya kazi ile ile inayofanywa na mizizi ya miti katika mlima wa Elgon.

Ipo tofauti moja ambayo haifai kufichwa. Galtür ilijengewa ukuta, na watu wake wakabaki katika ardhi ya mababu zao. Kwa mkulima wa Bududa ukuta wa namna hiyo haupo, na baadhi ya waliohamishiwa Kiryandongo walirejea mlimani kwa sababu shamba lao lilikuwa huko. Kinga ya chuma na saruji huhitaji fedha nyingi. Lakini ramani inayoonyesha nani analala chini ya mteremko upi, mtu wa kupima mvua katika kila tarafa, taarifa inayotolewa mapema kwa lugha ya wenyeji, na kiongozi aliye tayari kuwaambia watu wake waondoke usiku huo huo, hivyo havihitaji utajiri wa Uswisi. Mnamo mwaka 1945, taarifa ya kwanza ya Davos iliandikwa na watu wachache waliokuwa na sepetu, kipimajoto na daftari, kisha ikasambazwa kwa wananchi kabla theluji haijashuka.